Jikoni na Ghalani: Joto la Pombe katika Chumba Kimoja

Ukurasa huu umepata barua kadhaa, na zilizo nyingi zauliza habari za vitumbua visivyoumuka wakati wa baridi. Hizo nitazigusa mwishoni. Barua iliyonishughulisha zaidi imetoka kwa kijana wetu mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Wazee wamempa kazi ya kutengeneza pombe ya siku ya mahari ya dada yake, Julai mwakani. Anaishi hapa Uingereza katika chumba kimoja, ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Pombe aliyoijaribu majira ya joto yaliyopita ilitoka na harufu ya rangi ya kucha. Walioionja waliamka na vichwa vinawagonga, na mjomba wake akaimwaga kwenye sinki mbele ya watu. Sasa aniuliza: "Shangazi, niwaambie wazee wakanunue dukani, au iko njia?"

Njia iko, mwanangu. Umenieleza kwamba vyombo ulivisafisha, kopo la kimea lilikuwa jipya, na vipimo ulivifuata. Mimi nakuamini. Kilichoiharibu pombe yako ni joto, na joto lenyewe halikutoka juani peke yake.

Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari ya kimea, ikatoa kileo na hewa ile ya mapovu, na katika kula huko hutoa joto. Katika ndoo ya lita 23, kipimo cha kawaida cha makopo ya hapa, joto hilo lingetosha kuipandisha pombe yote kwa digrii 10 hivi kama lisingepata pa kutokea. Kwa kuwa ndoo hupoza kidogo kidogo ubavuni, aghalabu pombe huwa na digrii 3 hadi 5 kuzidi hewa ya chumba, hasa siku tatu za kwanza. Kwa hiyo chumba cha digrii 25 ni pombe ya digrii 28 hadi 30. Hamira nyingi za pombe ya Kiingereza hutaka digrii 18 hadi 21. Zikipitishwa hapo sana hukimbia kazi, zikazaa vileo vizito vinavyochoma koo pamoja na ile harufu ya rangi ya kucha. Haraka haraka haina baraka, hata ndani ya ndoo.

Wala si jambo jipya. Huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1553 mtawala alipiga marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 mpaka Septemba 29, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zikiharibika. Watu walipika wakati wa baridi wakaiweka bia katika mapango na maghala ya chini ya ardhi. Basi dawa ya kwanza ni ileile ya wakale: tazama kalenda. Mahari ni Julai, lakini nani amesema upike Julai? Pika mwishoni mwa Aprili. Ipe wiki mbili ndani ya ndoo na wiki tatu ndani ya chupa, na mapema Juni utakuwa umemaliza. Chupa zikishakuwa tayari, ziweke mahali penye giza na pa baridi kadiri unavyopata. Kwa jamaa wa Uingereza ushauri huu una uzito zaidi kuliko zamani. Julai 19, 2022, pale Coningsby, Lincolnshire, walipima digrii 40.3, na vyumba vya chini ya paa viliwaka kama tanuri.

Dawa ya pili ni kupima pombe yenyewe. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani chakuambia habari za ukuta. Nunua ile karatasi ya kupimia joto inayobandikwa ubavuni mwa ndoo, bei yake ni ndogo. Ibandike katikati ya kimo cha pombe, isome asubuhi na jioni, uandike. Kadhalika usitie hamira mpaka maji ya kimea yamefika digrii 18 au 19. Wengi hutia kwenye digrii 28 wakisema itapoa yenyewe usiku. Haipoi, maana hamira imekwisha kuwasha moto wake. Ukitengeneza kwa kopo, maji ya moto yawe kidogo tu ya kuyeyushia, mengine yote yawe ya baridi, na lita chache uzilaze katika friji tangu jana yake.

Dawa ya tatu ndiyo ya chumba kidogo hasa. Tafuta beseni kubwa la kufulia linaloweza kupokea ndoo yako, weka ndoo ndani, kisha mimina maji ubavuni mpaka yafike nusu ya kimo cha pombe au zaidi. Maji hubadilika joto polepole kuliko hewa, basi jua la mchana likipita juu ya paa lako pombe haitashtuka. Sasa gandisha chupa mbili za plastiki za lita 1, usizijaze mpaka mdomoni maana barafu huvimba. Tia moja katika maji ya beseni, na ikiyeyuka uirudishe kugandishwa na kutia ya pili. Kwa pombe lita 23 na maji ya beseni kiasi hichohicho, chupa moja ya barafu hushusha joto la vyote viwili kwa digrii 1 na nusu hadi 2. Siku tatu za kwanza huenda ukahitaji kubadilisha asubuhi na jioni. Baada ya hapo moto wa hamira hupungua, nawe upunguze barafu, kwa maana pombe ikipoa ghafla hamira husinzia na kutuama chini kabla ya kumaliza kazi. Siku za mwisho iachie ipande yenyewe digrii 1 au 2, ndipo hamira husafisha ile ladha ya siagi inayobaki katika pombe changa.

Asiye na nafasi ya barafu akumbuke mtungi wa bibi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto. Ivishe ndoo yako fulana ya pamba iliyolowa, pindo lake liingie katika maji ya beseni ili liyanyonye lenyewe, kisha weka feni ndogo ikipuliza. Katika hewa kavu utapata digrii kadhaa bila gharama. Katika bafu lililofungwa lenye mvuke hutapata kitu, kwa kuwa jasho halikauki. Na feni hiyo, pamoja na waya wake, ikae mbali na maji.

Mahali pa kuweka: sakafuni, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na boila na vyuma vya kupashia nyumba joto. Usiiweke juu ya meza, kwani ndoo na beseni vikijaa hupita kilo 50. Wala usiifungie ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Lita 23 za pombe ya kawaida hutoa karibu nusu mita ya ujazo ya hewa ya mapovu, na kizibo cha kupumulia huitoa chumbani. Dirisha lililofunguliwa kidogo latosha, lakini lisisahauliwe, maana chumba hicho ndicho unacholala.

Tena kuna hila ambayo bibi zetu hawakuwa nayo dukani: kuchagua hamira kufuatana na majira. Wakulima wa magharibi ya Norwe walihifadhi tangu zamani hamira iitwayo kveik, ambayo hufanya kazi kwenye digrii 30 na zaidi bila kuharibu ladha. Siku hizi huuzwa katika pakiti. Ikiwa Aprili itakupita, tumia hiyo, na joto la paa lako litakuwa msaada. Lakini usijaribu lager kwenye chumba hicho. Hamira yake hutaka digrii 8 hadi 13 kwa majuma, na bila friji ya peke yake yenye swichi ya kudhibiti joto utajisumbua bure.

Na kwa nini nisikushauri mbege, maana najua wazee wataiulizia? Mbege ya Uchagani hutaka ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi, kimea cha ulezi na gome la msesewe, tena hunywewa mbichi ingali ikichacha. Haingoji wageni waliochelewa ndege. Bia ya shayiri iliyokwisha tulia yaweza kungoja. Wazee wetu wana busara. Ukiwapelekea kinywaji safi kilichotoka mkononi mwa kijana wa nyumba, hawatauliza kama ni ndizi au shayiri.

Sasa sikiliza neno hili vizuri, kwa sababu siku ya mahari watakuwako watoto wakikimbia huku na huku. Pombe iliyotiwa chupani kabla haijamaliza kuchacha ni bomu. Kutulia kwa mapovu si ushahidi, kwa sababu chumba kikipoa hamira husinzia, na kikipata joto huamka ndani ya chupa. Pima kwa haidromita. Kipimo kisipobadilika siku tatu mfululizo, pombe ikiwa na joto lake la kazi, ndipo utie chupani. Sukari ya mapovu isizidi gramu 5 au 6 kwa kila lita. Tumia chupa nene zilizotengenezwa kwa bia, na usisafirishe sanduku la chupa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuhusu sheria: hapa Uingereza leseni ya kupika bia nyumbani iliondolewa mwaka 1963, na mtu hupika kwa matumizi ya nyumbani, si kwa kuuza. Ndugu wa Marekani walipata ruhusa ya serikali kuu kwa sheria ya mwaka 1978, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Kukeneka gongo bila kibali ni kosa kote kuwili, msinitafutie balaa. Jamaa walioko Ghuba wana sheria zao, na wengi katika koo zetu hawanywi kwa ajili ya dini. Siku ya mahari wawekewe meza yao yenye sharubati na tangawizi, isiyochanganywa na nyingine, nao wahudumiwe kwanza.

Na sasa vitumbua, kwa wote. Hamira ni ileile na kanuni ni ileile, ila shida imegeuka. Mchele uliosagwa kwa tui lililotoka friji huwa wa baridi, na jiko la Januari ni la baridi vilevile. Pasha tui liwe vuguvugu, bakuli lifunike, liweke ndani ya beseni la maji ya digrii 35 hivi, ubadilishe maji yakipoa. Kwa saa moja na nusu utaona mapovu. Walioko Dubai na Maskati wao wawahi kukaanga, maana jikoni mwao bila kipoza hewa unga huchachuka kabla kahawa haijaiva.

Kijana wangu, waambie wazee umekubali. Pika lita 4 na nusu mwezi Februari kwa majaribio, katika dumu dogo ndani ya ndoo ya maji. Dumu dogo halijipashi joto sana kama ndoo kubwa, ila hufuata upesi zaidi joto la chumba, kwa hiyo maji yale usiyaache. Andika kipimo cha kila asubuhi na jioni. Ikitoka safi, peleka chupa mbili kwa mjomba kabla ya Aprili, umketishe, umimine mwenyewe, na umwache aseme. Neno lake ndilo litakalokupa ruhusa ya kupika zile lita 23.

Wengine mnaotaka kuuliza, barua zifike kabla ya Septemba. Mwakani, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya achari ya ndimu katika nchi isiyo na jua.

Wenu, Shangazi wa Jikoni.