Baba, kichwa cha mjamzito si uchovu

Wanaume wengi wa Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, hudhani kazi yao mke akiwa mjamzito ni kulipa kodi ya nyumba tu. Kliniki ni mambo ya akina mama. Kisha mwezi wa nane, usiku, mama anaumwa na kichwa vibaya, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba. Nawe unamwambia alale, atapata nafuu.

Bwana, huenda hilo ni shinikizo la damu la mimba. Huanza baada ya wiki 20, na laweza kugeuka kifafa cha mimba kikamwua mama na mtoto. Kipimo kikifika 140 kwa 90, daktari amwone upesi. Dawa ya kuzuia kifafa ipo, magnesiamu salfeti, ila mara nyingi daktari huamua mtoto azaliwe kabla ya siku zake. Akitokwa na damu pia, usingoje kuche.

Basi jiulize leo: kitabu cha kliniki kimewekwa wapi? Mwenye teksi ni nani, wa kukufikisha Pumwani au Mama Lucy saa nane za usiku? Mmejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024? Na mama yako akisema mkeo anajidekeza, mwitikie kwa heshima huku ukivaa viatu.

Akishajifungua, kaa macho siku kadhaa. Kifafa hicho huweza kumpata hata akiwa amerudi nyumbani.