Acheni Kupiga Polishi Trela Zilizooza

Wacha niseme hii kitu hata kama nitapoteza mafolowa. Zile video zenu za kufufua karavani za alumini zimenichosha.

Mnazijua. Sekunde tano za kwanza ni vumbi na kuku wanaruka kutoka mlangoni, trela imelala kwenye shamba la mtu huko juu Timau miaka na miaka. Halafu muziki unaingia, grainda yenye sponji inazunguka, na ikifika sekunde ya ishirini ubavu mzima unang'aa kama sufuria mpya, karibu uone Mlima Kenya ndani yake. Komenti ni moto, moto, moto. Wiki mbili baadaye dirisha limekatwa ubavuni, jiko limeingia, na mtu anauza chipo na smokie akituambia "tumeifufua".

Hamjafufua kitu. Mmepaka maiti poda.

Kwa wageni kwenye hii ukurasa: mimi ni wa Embu, na mjomba wangu ana karakana. Nimeshinda hapo tangu nimalize shule, nikishika tochi, nikitafuta spana ya kumi na tatu ambayo hupotea kila siku, na nikirekodi. Kwa hivyo siongei kama mtu aliyesoma mahali. Nimelala chini ya hizi vitu nikiwa na kutu machoni.

Tuanze na jinsi zinavyotengenezwa, kwa sababu nusu ya hasira yangu iko hapo. Trela ya zamani ya alumini, ile ya Kimarekani kama Airstream ambayo kila mtu anataka kuiga, imejengwa kama ndege. Mbavu za alumini ndani, karatasi za alumini nje, riveti maelfu. Lakini chini kabisa kuna chesisi ya chuma, na kati ya chesisi na bodi kuna sakafu ya plaiwudi iliyobanwa kwa bolti. Maji yakipata njia kwenye riveti moja ya paa au raba ya dirisha, hayabaki juu. Yanatambaa ndani ya ukuta mpaka kona ya nyuma, yanakaa kwenye plaiwudi, na plaiwudi inageuka kuwa uji. Bolti inabaki imeshika uji. Chuma kinakula kutu. Na pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na unyevu, alumini ndiyo inaliwa, unakuta unga mweupe kama dawa ya meno. Zile za Kiingereza nyingi zina fremu ya mbao nyuma ya alumini, hizo ndizo mbaya zaidi, unaweza kuingiza kidole kwa ukuta.

Hayo yote yanatokea huku ngozi ya nje ikiwa sawa kabisa. Ndiyo maana polishi ni uongo mtamu. Wazee walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Jaribio la bure, halihitaji hata fundi: simama kwenye bampa ya nyuma uruke kidogo, mwenzako aangalie pale bodi inapokutana na bampa. Kama bampa inashuka na bodi inabaki mahali ilipo, chesisi na bodi zilishapeana talaka kitambo. Hiyo trela haifai kuondoka hapo ikivutwa. Haijalishi inang'aa namna gani.

Na hiyo polishi yenyewe mnaipiga vibaya. Karatasi za trela nyingi nzuri za zamani, kama za ndege, zina ngozi nyembamba ya alumini safi juu ya alumini ngumu. Hiyo ngozi ndiyo kinga. Ukiishambulia na msasa na grainda unaimaliza, na umemaliza miaka mingi ya maisha ya hiyo karatasi kwa sababu ya video ya sekunde thelathini. Halafu kuna wale wanaotumia brashi ya waya wa chuma! Vipande vidogo vya chuma vinabaki vimezama ndani ya alumini, mvua ya Aprili ikikuja unaona madoa ya kutu kila mahali na unaanza kulaumu trela.

Sasa nifike kwa kilichonifanya niandike.

Mwaka jana mteja mmoja wa Meru alimpigia mjomba. Alikuwa na trela, imeshapigwa polishi, safi sana, jina la biashara limeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Alitaka tuivute mpaka Embu, kuna shughuli wikendi. Tukapanda matatu, tukafika, mjomba hakuangalia ubavu hata mara moja. Alitandika gunia akaingia chini. Mimi nikashika tochi.

Tairi zilikuwa na nambari 1608. Hizo tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: wiki ya 16, mwaka wa 2008. Zilikuwa na vishimo vizuri kabisa, hazijatembea, lakini ukikunja raba unaona nyufa kama udongo wa kiangazi. Waya za breki zilikuwa zimekatwa na kufungwa na selotepu. Mwanya kwenye chesisi upande wa nyuma, mkono wangu uliingia. Na kule nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, wameweka jiko, friji na tangi la maji la lita 200. Lita 200 ni kilo 200, sihitaji kuwafanyia hesabu.

Mjomba akatoka, akajipangusa. "Kijana yangu, hii sivuti. Tafuta lori uibebe, au uiache hapa."

"Mzee, si tutaenda pole pole?"

Pole pole. Hilo neno limeua watu wengi katika hii nchi.

Kwa wasiojua hiyo barabara: Meru kwenda Embu ni zaidi ya kilomita 120 na si tambarare hata kidogo. Mito inashuka kutoka mlimani na barabara inaikata mmoja baada ya mwingine, kwa hivyo ni kushuka bondeni na kupanda, kushuka na kupanda, Nkubu, Igoji, unashuka Mutonga, Chogoria, unashuka Nithi, Chuka, unashuka Thuci, ndio ufike Runyenjes. Daraja la Nithi hata sihitaji kueleza. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa liliruka pale likaingia mtoni, watu zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa basi, likiwa na dereva wa kazi. Sasa weka hapo pikapu inayovuta tani moja na nusu isiyo na breki.

Trela inayovutwa ina hesabu yake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inafaa ikae mbele, kwenye ile pua inayoshika gari. Ukipakia nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi, na ukifika mteremko trela inaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila yumbo kubwa kuliko lingine, mpaka mkia unaendesha mbwa. Ukikanyaga breki za gari tu, trela inakusukuma kutoka nyuma na unaongeza ubaya. Trela za Kimarekani nyingi breki zake ni za umeme kutoka kwa gari, na pikapu zetu hazina hicho kifaa mpaka ufungiwe. Za Kiingereza nyingi hujishika zenyewe trela ikisukuma gari, lakini lazima ziwe hai. Waya zilizofungwa na selotepu haziko hai.

Basi, mteja akapata mtu mwingine na pikapu yake. Wakaivuta Jumamosi asubuhi.

Na ilifika.

Hiyo ndiyo shida yangu. Ilifika, wakaposti video ikishuka kwa mteremko na muziki, na chini yake komenti zaidi ya mia zinacheka "fundi mzee aliyetaka kuwakula pesa". Mmoja akaandika mafundi wa Embu ni waoga. Mwingine, huyu nilimjibu vibaya nikafuta, akasema vijana wanajaribu kuomoka na wazee wanawafungia.

Kufika si ushahidi wa chochote. Kila gari lililowahi kukata breki Nithi lilikuwa limefika mara nyingi kabla ya hiyo siku. Na kwenye huo mteremko kuna mama anarudi sokoni na mtoto mgongoni, kuna bodaboda, kuna matatu ya watu 14 inakuja juu. Hao hawakulaiki video yenu. Hawakuulizwa.

Kuna wale wataniambia hizi ni mambo ya wazungu, mimi najifanya kutetea vitu vya walowezi. Buda, hizi trela zilishapita hapa kabla mzazi wako azaliwe. Mwaka wa 1959 Wally Byam, yule mwenye Airstream, alianza safari Cape Town na msafara wa trela 41, zikapitia Kenya, zikaingia Ethiopia, zikafika Misri mwaka uliofuata. Picha mnayoijua ni ile ya trela zimepangwa mviringo jangwani na piramidi nyuma, zote zinang'aa. Hiyo ndiyo imewaroga. Kile picha haionyeshi ni kwamba njia nzima watu walikuwa chini ya trela na jeki, springi zimevunjika, chuma kimepasuka, wanachomelea, wanaendelea. Na zile zilikuwa trela za siku zao, hazikuwa zimelaza kuku. Kama trela iliyotunzwa ilivunjika njiani, yako iliyotoka kwenye migomba inakupa nini cha kujivunia?

Halafu hoja ya pesa. Hii naiheshimu, kwa sababu ni ya kweli. Kijana amekopa, amenunua trela, ekseli mpya na breki na tairi vinaweza kupita bei aliyonunulia. Najua. Tuna moja hapa karakana hesabu yake imetulaza macho. Lakini kama pesa haitoshi, jibu si barabara. Jibu ni kuiegesha. Iweke juu ya mawe kwa ploti, unganisha stima, uza chipo zako, hakuna mtu atakufa. Ukitaka kuihamisha, lipa lori la kubeba, funga mikanda kwenye chesisi na si juu ya bodi maana alumini inabonyea kama kopo la soda, na upime kimo kwa sababu ya nyaya za stima. Itakula faida ya wikendi moja. Sawa, ikule. Na siku utakayotaka kuivuta kihalali, kumbuka trela hapa Kenya ina nambari yake inayoanza na Z. Ile ya Meru ilikuwa na kipande cha kadibodi.

Kile kinaniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe tunaiweza. Waliojenga bodi za matatu zetu kwa jua kali wanajua riveti kuliko mtu yeyote unayemfuata ng'ambo. Fundi wa pancha anajua kutafuta tundu kwa maji ya sabuni, na trela inapimwa hivyo hivyo: ziba matundu yote, sukuma hewa ndani kwa feni, nyunyiza sabuni nje, panapotoa povu ndipo mvua inaingia. Tulifanya hivyo Machi na tukapata matundu 61 kwa trela ambayo mwenyewe aliapa haivuji. Sitaki kusikia hakuna ujuzi.

Kile hakuna ni mtu wa kulipia kazi isiyoonekana kwa kamera. Mteja atatoa pesa ya polishi bila kuuliza bei, halafu ukimwambia chesisi anaanza kukuita mwizi. Kwa hivyo fundi naye anajifunza. Anaanza na polishi, anamaliza na polishi, anakula pesa yake, na fundi aliyeingia chini na gunia anabaki bila kazi. Hapo ndipo laiki zenu zinaingia. Mnachagua fundi yupi atakula jioni.

Na tafadhali, yule wa kuchomelea mageti asiguse alumini. Si dharau. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye digrii 660, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake inahitaji zaidi ya 2,000. Ukiichoma na mashine ya geti, ndani imeshakuwa maji kabla ngozi haijafunguka, unabaki na shimo. Ndiyo maana ni riveti. Au mashine yenye gesi ya agoni na mtu anayeijua.

Watu wananiuliza DM kila siku kama najua trela inayouzwa, na wengine wananitumia za kuuza. Kuanzia leo sijibu picha ya ubavu. Tandika gunia, lala chini, nitumie nne: pua, ekseli na breki, kona ya nyuma pale chesisi inaingia chini ya sakafu, na zile tarakimu nne za tairi. Kama unaogopa kuingia chini yake ikiwa imesimama, tayari umejijibu.