Miaka Kumi Juu ya Pikipiki, na Somo la Breki

Ukimwambia dereva wa bodaboda wa Chanika aliyetimiza miaka kumi barabarani kwamba yapo mafunzo ya usalama ambayo naye angefaa kuyahudhuria, jibu lake unalijua kabla hajalitoa. Mafunzo ni ya vijana wanaoanza. Yeye barabara ya kutoka Gongo la Mboto kupitia Pugu hadi Chanika anaijua kama anavyoijua njia ya msikitini, na za vumbi za kuelekea Msongola na Zingiziwa anajua ni wapi mvua huacha mchanga. Leseni anayo. Ajali kubwa hajapata, alhamdulillahi. Aende akafundishwe nini, na nani?

Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa kumkaripia mtu anayelisha watoto kwa jasho lake.

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo, kimekua kizazi kizima cha madereva waliofundishwa na kaka, jirani au rafiki, jioni mbili tatu katika uwanja wa mpira. Walionyeshwa klachi, gia na mafuta, kisha wakaingia barabarani. Wengi waliokwenda shule ya udereva baadaye walikuwa wakitafuta cheti cha kuombea leseni, na wakati huo mikono ilikwisha kushika mazoea yake.

Uzoefu una thamani kubwa. Humfundisha mtu kumsoma dereva wa daladala anayetaka kuchomoka kituoni bila kuwasha taa. Lakini uzoefu hufundisha lile linalojirudia kila siku, na kusimama ghafla kwa uwezo wote wa chombo si jambo la kila siku. Mtu anaweza kubeba abiria miaka kumi asilifanye hata mara ishirini, na kila mara akalifanya kwa hofu, bila wa kumwambia alikosea wapi.

Tutazame hesabu kidogo. Kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtoto akikatiza mbele, sekunde moja hupita kabla mkono na mguu havijaitika, na mita 14 zimekwenda. Kwenye lami kavu, dereva anayetumia breki zote mbili ipasavyo huhitaji takriban mita 14 nyingine kusimama. Anayetegemea breki ya mguu peke yake huhitaji kama mara mbili ya hizo. Nafasi ya mita 14 katikati ya watu wawili wenye mwendo uleule ni ndefu kuliko daladala, na mtoto yumo ndani yake.

Kwa nini basi wengi huiacha breki ya mbele? Kwa sababu walirithishwa kauli kwamba ukiigusa utapinduka. Kauli hiyo ina ukweli nusu: ikinyakuliwa kwa pupa, au usukani ukiwa umepinda, au juu ya mchanga, huangusha. Lakini pikipiki inapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, tairi la mbele likaishika barabara kwa nguvu na la nyuma likawa jepesi, tayari kuburuza. Mwenye kutegemea la nyuma anategemea lililobakiwa na uzito kidogo. Namna ya kuiminya ya mbele kwa kuongeza polepole, kama anayekamua tui, hujulikana kwa kurudia mara nyingi katika kiwanja kitupu huku mwalimu akitazama. Juu ya barabara yenye watu hakuna nafasi ya kujaribu.

Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza palepale zilipotokea, Los Angeles na viunga vyake. Waendeshaji 92 katika kila 100 walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Takwimu hiyo peke yake haithibitishi jambo, kwani huenda hata waliosalimika wengi wao walijifunza hivyohivyo. Lenye uzito zaidi ni hili: aghalabu muda wa kujiokoa ulikuwa pungufu ya sekunde 2, na wengi waliutumia kukanyaga breki ya nyuma hadi tairi likaburuza, ya mbele wakaisahau. Tena zaidi ya nusu yao walikuwa hawajatimiza miezi mitano na pikipiki ile iliyowaangusha, ingawa walikuwa na miaka ya kuendesha. Wenye kuhama kutoka mkataba mmoja hadi mwingine walitafakari hilo.

Lipo pia jambo linalowahusu mama na dada zetu. Baibui na mtandio mrefu, abiria akiwa amekaa upande, hufika karibu na cheni na spoku. Nguo ikidakwa, abiria huvutwa chini kabla dereva hajajua kuna nini. Dereva anapaswa kugeuka, kuhakikisha pindo limekusanywa na ukanda wa kofia umefungwa, ndipo aondoke. Kanuni zinakataza pia kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9, na tunaowapeleka wadogo madrasa kwa mishikaki tunajijua.

Wapo watakaosema ajali ni kadari. Kadari tunaiamini, na nati za gurudumu bado tunazikaza.

Kikwazo cha kweli ni hesabu ya tajiri. Siku tatu za mafunzo ni siku tatu bila hesabu, na mwenye pikipiki hasamehe kwa urahisi. Hapa ndipo nyumba inapopaswa kukaa pamoja, mume, mke na hata wazee, na kuamua matumizi yapunguzwe wapi. Familia zilizokwisha kushinda katika korido za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zinajua mguu uliovunjika unakula miezi mingapi. Mwenye chombo naye aelezwe: pikipiki iliyogongwa haileti hesabu.

Kabla ya kulipa ada, iwe VETA Chang'ombe, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au kwa mwalimu atakayekuja kijiweni, dereva aulize mambo mawili. Je, kuna saa za kutosha za kiwanjani, au ni darasa na picha tu? Na je, ataruhusiwa kwenda na pikipiki yake mwenyewe, ile anayobebea abiria kila siku, pamoja na mtu wa kukaa nyuma?