Mabwawa ya Derna na Hesabu ya Mafuta ya Libya

Katika baraza za misikiti yetu, itajwapo Libya, wasemaji hugawanyika papo hapo makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba kabla ya mwaka 2011 nchi ile ilikuwa pepo ya dunia: umeme wa bure, elimu ya bure, nyumba kwa kila aliyeoa, mpaka walipokuja wageni na ndege zao wakaibomoa. Kundi la pili husema kwamba ilikuwa jela ya mtu mmoja kwa miaka 42, na kwamba lolote lililofuata ni matunda ya udhalimu wake. Kila kundi lina ushahidi wake, na kila kundi huondoka barazani na yakini ile ile liliyokuja nayo. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yameshika watu na kuiacha nchi. Twaomba leo tumweke kando Muammar Gaddafi, tuwaweke kando na wale waliompiga mabomu, tuitazame Libya yenyewe: ardhi yake, maji yake, mabomba yake, na njia ipitayo fedha yake.

Wala Libya si nchi ya mbali nasi. Msikiti mkubwa wa Kampala ulikamilishwa kwa fedha ya Libya, na Dodoma nako umesimama msikiti uliojengwa kwa msaada wake. Walimu kadhaa wa ukanda wetu walisomea Tarabulus, katika chuo cha Jumuiya ya Wito wa Kiislamu. Fedha hiyo yote asili yake ni mafuta. Kwa hiyo tuna haki, nasi twasema tuna wajibu, wa kuuliza mafuta yale yalifanya nini kwa wenyewe.

Tuanze na ardhi. Libya ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,760,000, karibu mara mbili ya Tanzania, lakini watu wake ni kama milioni 7 tu. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ardhi hiyo ni jangwa. Hakuna hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Watu wamejipanga pwani ya Bahari ya Kati, katika nchi mbili za kale zilizounganishwa kuwa moja: Tarabulus upande wa magharibi na Barqa upande wa mashariki. Fezzan, nchi ya tatu, iko kusini ndani ya jangwa. Kati ya Tarabulus na Barqa kuna ghuba ya Sirte, ambako jangwa hushuka hadi baharini na miji huwa haba. Basi ni hapo hapo, na katika bara lililo nyuma yake, ndipo ilipo sehemu kubwa ya mafuta. Bandari nne za kuyasafirisha, yaani Sidra, Ras Lanuf, Brega na Zueitina, zimepangana katika ukingo wa ghuba hiyo. Mwenye kufahamu ramani hii amekwisha kufahamu nusu ya vita vya Libya. Ashikaye bandari zile nne ameshika koo la nchi, ilhali fedha ya mafuta hulipwa Tarabulus, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Nchi hii ilipopata uhuru tarehe 24 Desemba 1951 ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Iliuza nje vyuma chakavu vilivyoachwa na Vita Kuu ya Pili na majani ya halfa ya kutengenezea karatasi, na ilipokea kodi ya kambi za kijeshi za Waingereza na Wamarekani. Mwaka 1959 mafuta mengi yaligunduliwa Zelten. Mwaka 1961 shehena ya kwanza ikatoka Brega. Ilipofika mwaka 1970 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku, kiwango ambacho haijakifikia tena hata leo. Si jambo la kawaida katika historia kwa watu kutoka kuokota vyuma na kuwa matajiri ndani ya muda usiotosha mtoto kubaleghe.

Tuwe waadilifu. Fedha ile haikuliwa yote na wakubwa. Shule zilijengwa, hospitali zilijengwa, na wasiojua kusoma walipungua sana. Mwaka 2010, katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya watu, Libya ilikuwa ya kwanza Afrika. Na ule Mto Mkuu wa Kutengenezwa, ulioanza kujengwa mwaka 1984, ni kazi ambayo hata wasiompenda aliyeijenga huistaajabia. Mabomba ya zege yenye upana wa mita 4 yalifukiwa jangwani, yakaleta maji ya chini ya ardhi ya kusini mpaka Benghazi mwaka 1991 na Tarabulus mwaka 1996. Maji hayo ni ya kale mno, yalikusanyika maelfu ya miaka nyuma wakati Sahara ilipokuwa na mvua, na yakichotwa hayarudi. Lakini watu wanayanywa, na wangekuwa na kiu bila hayo.

Hata hivyo tazameni yaliyoupata mto huo. Unahitaji umeme, unahitaji vipuri, unahitaji walinzi wa visima. Kufikia mwaka 2019 visima zaidi ya 100 vya upande wa magharibi vilikuwa vimeng'olewa vifaa vyake na wezi au wapiganaji. Jambo la kujenga lilikuwa jepesi, kwa kuwa fedha ipo na mkandarasi wa kigeni yupo. Kutunza ndiko kulikokuwa kugumu, na hapa ndipo ulipo mzizi wa maneno yetu.

Fedha ya mafuta ya Libya hupita njia moja. Shirika la Taifa la Mafuta huuza, malipo huingia Benki Kuu, na kutoka Benki Kuu huenda kwenye mishahara na ruzuku. Mafuta ni zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato ya serikali. Watu zaidi ya milioni 2 wamo katika orodha ya mishahara ya serikali, katika nchi ya watu milioni 7. Petroli kwa miaka mingi imeuzwa dirhamu 150 kwa lita, yaani chini ya sehemu moja ya sita ya dinari, bei iliyo miongoni mwa za chini kabisa duniani. Na la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya petroli hiyo hununuliwa nje ya nchi, kwa kuwa kiwanda cha kusafishia cha Ras Lanuf, kikubwa kuliko vyote, kilifungwa mwaka 2013. Ni kama mfugaji wa ng'ombe mia anayenunua maziwa dukani, kisha akawauzia watoto wake kwa hasara, nao wakayapitisha uani kwa jirani. Kwani petroli hiyo rahisi huvushwa kwa magendo hadi Tunisia na baharini.

Serikali inayolishwa na kodi ya raia hulazimika, japo kwa shingo upande, kumsikiliza anayelipa. Serikali inayolishwa na bomba huwalipa raia, naye alipwaye huona haya kuuliza. Mshahara huonekana kila mwezi, na ukichelewa watu hupiga kelele. Nyufa za bwawa hazimchelewesheii mtu chochote, mpaka siku yake.

Derna ni mji wa Barqa, chini ya Mlima wa Kijani, ambao wenyewe huuita mji wa masahaba kwa ajili ya makaburi yaliyo karibu na msikiti wake. Bonde la Derna hupita katikati ya mji likaishia baharini. Karibu mwaka mzima ni kavu, lakini mvua kubwa inyeshapo mlimani huwa mto mkali. Ndiyo sababu katika miaka ya sabini kampuni ya Yugoslavia ilijenga mabwawa mawili ya udongo na mawe: Abu Mansour, lililo juu kilomita kama 13 kutoka mjini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 22.5, na al-Bilad, dogo, lililo juu kidogo ya mji. Watu wakajenga bondeni kwa kuyaamini.

Nyufa ziliripotiwa mwaka 1998. Kampuni ya Kituruki ilipewa kazi ya matengenezo mwaka 2007, ikaanza mwaka 2010, ikaondoka mwaka 2011 vita vilipowaka. Mwaka 2012 na 2013 zilitengwa zaidi ya euro milioni 2 kwa ajili ya mabwawa hayo, na mwaka 2021 wakaguzi wa hesabu za serikali wakaandika kwamba kazi haikufanyika. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji Abdelwanees Ashoor wa Chuo Kikuu cha Omar al-Mukhtar alichapisha utafiti wake kuhusu bonde hilo. Alionya kwamba mafuriko makubwa yakija yataleta maangamizi kwa wakazi wa bonde na mji, akataka mabwawa yatengenezwe haraka. Aliandika kwa Kiarabu, lugha ya watu wake, katika jarida la chuo kikuu cha nchi yake. Haikuwa siri.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 dhoruba iliyoitwa Daniel iliteremsha mvua juu ya Mlima wa Kijani. Mji wa Bayda ulipata milimita 414 ndani ya saa 24, kiasi ambacho sehemu hizo hazikipati hata kwa miezi mingi. Wakazi wengine wa Derna waliambiwa wahame, wengine waliambiwa wakae majumbani. Bwawa la juu likavunjika, maji yakalivunja la chini, kisha yakaubeba mji wa kati pamoja na majengo yake ya ghorofa na waliolala ndani yake mpaka baharini. Hesabu za waliokufa na waliopotea zinatofautiana, lakini zote ni kwa maelfu. Zaidi ya watu 40,000 walipoteza makazi.

Sasa na tupige hesabu, maana madrasa zetu nazo hufundisha hesabu. Tukichukua mapipa milioni 1.2 kwa siku, na dola 80 kwa pipa, mafuta yanayotoka Libya yana thamani ya dola milioni 96 kwa siku, yaani milioni 4 kwa saa. Zile euro milioni 2 zilizotengwa na zisifanye kazi ni mafuta ya karibu nusu saa. Akisema mtu kwamba matengenezo kamili yangegharimu mara ishirini ya kiasi hicho, sawa, tumpe. Bado haijatimia siku moja.

Kwa hiyo twawarudia ndugu zetu wa makundi mawili. Tangu nyufa kuripotiwa mpaka vita vya mwaka 2011 ni miaka 13, na hiyo ni ya utawala wa zamani, wakati hazina imejaa na amani ipo. Tangu vita mpaka gharika ni miaka 12, na hiyo ni ya waliokuja baadaye, magharibi na mashariki. Hatukatai kwamba mabomu ya mwaka 2011 yalivunja dola bila kuacha kitu mahali pake, wala hatukatai kwamba mabilioni ya Libya yaliyowekezwa nje yamezuiliwa tangu mwaka huo. Lakini mgeni hakuwa ndiye mwenye kusoma ripoti ya mwaka 1998, wala ile ya mwaka 2021.

Na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe haukuwa juu ya mabwawa. Ibrahim Jadhran alifunga bandari za ghuba tangu mwaka 2013 mpaka 2016. Mwaka 2020 majeshi ya Khalifa Haftar yalifunga tena, na uzalishaji ukaanguka chini ya mapipa 100,000 kwa siku kwa miezi kadhaa. Hata baada ya Derna, Agosti 2024, visima vilifungwa kwa ugomvi wa nani awe gavana wa Benki Kuu. Kila mara swali lilikuwa nani ashike mfuko.

Watu wa Derna wenyewe waliuliza swali jingine. Tarehe 18 Septemba 2023, wiki moja baada ya gharika, mamia walikusanyika mbele ya Msikiti wa Masahaba, wengine wakapanda juu ya paa, wakataka waliozembea waitwe kwa majina. Julai 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya kuanzia miaka 9 hadi 27. Swali lile lingeulizwa mwaka 1998 mbele ya msikiti ule ule, waulizaji wangetiwa ndani wao, na hilo kundi la kwanza la baraza zetu halipendi kulisikia.

Nasi tuna bomba. Lile litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, katika mikoa minane. Tangu liliponadiwa, maswali tuyasikiayo kwenye mikutano ni ya fidia na ajira, na ni maswali ya haki. Wenye misikiti kando ya njia hiyo, tangu Kagera mpaka Tanga, tunawaomba waongeze matatu watakapokutana na madiwani na wabunge wao: ni nani hulikagua bomba, hulikagua mara ngapi kwa mwaka, na ripoti yake mwananchi huipata wapi kwa Kiswahili.