Afya: Bega Lililoteguka

Majira ya maembe yafikapo Kathonzweni, huenda mtu akateleza mtini akaangukia mkono, na majirani wakamshika wapate kulivuta bega. Wasilivute! Labda mfupa umevunjika.

Daktari huanza kwa macho: huyatazama mabega yote mawili yakiwa wazi, kwani lililoteguka hupoteza uviringo wake. Kisha mgonjwa huambiwa aweke kiganja juu ya bega la pili. Kiwiko kikikataa kugusa kifua, yaelekea limeteguka. Kipimo hicho alikieleza Dugas wa Marekani katika karne ya 19. Hupapasa pia mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, na kuigusa ngozi ya bega. Ikiwa imekufa ganzi, mshipa wa fahamu umeumia. Mkono na ufungwe shingoni kwa leso, mgonjwa apelekwe hospitali ya Wote akapigwe picha ya eksirei kabla bega halijarudishwa.