Mruhusuni Mwanafunzi Avuke Uzio

Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ni pua na mdomo. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani katika chuo kimoja akatembea kwa miguu hadi kingine bila kukosa kipindi. Huku wanafundisha upimaji, mipangomiji na usanifu majengo. Kule wana sosholojia, historia, sheria na akiolojia. Kijana ambaye kesho atapewa kazi ya kuchora ramani ya Kilwa au Bagamoyo angefaidika mno kama angekaa muhula mmoja kwa mwalimu wa akiolojia, ajue ardhi ile imebeba nini kabla hajapitisha barabara juu yake. Hata hivyo, ni nadra kumkuta mwanafunzi wa upande mmoja akisoma kozi upande wa pili, jina lake likiwa kwenye orodha ya mwalimu na alama zake zikirudi kuhesabiwa kwao. Kwa mama lishe wanakaa benchi moja. Darasani kila mmoja na kwao.

Jambo hili linanisikitisha zaidi nikikumbuka kwamba hadi mwaka 2007 Ardhi ilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani, na Muhimbili vilevile. Chuo cha Sokoine, Morogoro, nacho kilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani hadi 1984. Watoto wa nyumba moja waliopewa kila mtu kiwanja chake, leo wamejenga kuta.

Wazee wetu hawakuanza hivi. Kuanzia 1963 hadi 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye kampasi tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka udaktari alikwenda Kampala, aliyetaka uhandisi Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria hapa kwetu. Yoweri Museveni wa Uganda naye alisoma hapa. Shahada ilikuwa moja, na hakuna aliyeuliza cheti cha kijana kina muhuri wa mji gani. Chuo kile kilipovunjwa, kila nchi ikajijengea cha kwake, na sababu zilikuwepo: nchi changa zilihitaji wataalamu wengi na kwa haraka. Silaumu uamuzi ule. Ninacholaumu ni kwamba mipaka ya nchi tuliifuatisha na mipaka ya kampasi, kisha ya idara, mpaka wahadhiri wawili wa somo moja, mji mmoja, wanazeeka bila kubadilishana hata mwanafunzi mmoja.

Tazameni wageni. Kila mwaka vijana wa Marekani na Ulaya wanatua Unguja na Dar es Salaam, wanasoma Kiswahili au historia ya pwani kwa muhula mmoja, wanarudi kwao na alama zao zinahesabiwa katika shahada. Wazungu wa Ulaya walianzisha mpango wa Erasmus mwaka 1987, na ada mwanafunzi anaendelea kulipa chuoni kwake tu. Kabla hajapanda treni, yeye na vyuo vyote viwili wametia saini karatasi inayosema atasoma kozi zipi na zitahesabiwaje. Mgeni anavuka bahari kuja kusoma Kiswahili Zanzibar. Mwanafunzi wetu wa Kiswahili aliyeko Dodoma au Dar es Salaam, ambaye angekwenda kusoma hati za kale kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, anamaliza miaka mitatu hajavuka hata Chumbe.

Wapo watakaosema nafungua mlango wa udanganyifu. Watasema mwanafunzi aliyeshika sapu atakimbilia chuo chenye alama za bei poa, arudi na A yake. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini dawa yake ni kuweka kikomo na masharti: kozi za msingi za taaluma zisomwe nyumbani, aliyefeli kozi airudie kwa mwalimu wake, na kinachosomwa nje kiwe kile ambacho chuo chake hakina au hakina mtu wa kukifundisha vizuri mwaka huo. Kufunga mlango kwa kuogopa mwizi kunamwacha na mwenyeji nje.

Ugumu wa kweli uko kwenye hesabu. Kwetu krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Ulaya mwaka ni krediti 60. Alama 65 Mlimani ni B+, Nairobi ni B tupu. Mambo haya yanahitaji jedwali linalokubaliwa na pande zote, na jedwali ni kazi ya wiki chache kwa watu waliokusudia. Mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliofanyika Dar es Salaam Mei 2017 ulitangaza kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu. Tamko tunalo. Baraza la vyuo vikuu la Jumuiya liko Kampala. Kilichobaki ni mkuu wa idara kupokea barua na kuijibu.

Na wewe mwanafunzi, mwanangu, sikiliza. Nimemwona binti mmoja amesimama kwenye dirisha la ofisi ya mitihani, mkononi ana transkripti yenye muhuri wa chuo alichokwenda kusoma wakati wa likizo ndefu, kwa ada aliyoilipa mama yake. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma, akamrudishia: "Nani alikuruhusu?" Hakuwa na la kujibu, kwa sababu mhadhiri wake alimruhusu kwa mdomo, kwenye korido. Kozi ile haikuhesabiwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na elimu nayo ni mali. Kabla hujalipa hata shilingi, chukua maelezo ya kozi unayoitaka, yenye mada, saa na namna ya kupima, umpelekee mkuu wa idara yako. Omba jibu la maandishi linaloonyesha itahesabiwa badala ya kozi gani na kwa krediti ngapi. Nakala ipeleke kwa msajili. Ulizia na mkopo, maana ada inayolipwa na bodi ya mikopo inakwenda kwenye chuo ulichodahiliwa, haikufuati uendako. Ukimaliza, alama zitumwe kutoka ofisi hadi ofisi, zisipite mkononi mwako.

Haki kama hii haipatikani kwa kunung'unika bwenini. Serikali za wanafunzi zinazojua kudai bumu likichelewa zidai na hili. Waheshimiwa wajumbe wa seneti, nawaomba muhula ujao usianze kabla hamjaandika kanuni ya ukurasa mmoja inayomruhusu mwanafunzi wenu kusoma kozi moja kwa jirani na kuhesabiwa. Anzeni na chuo mnachopakana nacho uzio.