Shabunda: Pikipiki ikifunguliwa moteri, haraka ndiyo inayoivunja

Shabunda, eneo kubwa kuliko yote ya Kivu Kusini, inaishi kwa pikipiki. Barabara ya kutoka Burhale imeharibika miaka mingi, na bidhaa nyingi hufika kwa ndege au mgongoni mwa watu. Mgonjwa anayetoka kijijini, mama anayekwenda kujifungua, gunia la mchele, familia inayokimbia vita na godoro lake: wote wanategemea motari. Pikipiki ikifa, si mwenyewe peke yake anayeumia.

Lakini kuna pikipiki zinazokufa mara mbili: kwanza kwa uchakavu, halafu mikononi mwa mwenye kuitengeneza. Mtu anafungua moteri abadilishe segma au shene ya ndani. Anafunga, anapiga kiki, haiwaki. Au inawaka lakini haina nguvu, inapasuapasua kwenye karbireta na kupata joto haraka. Huyu anasema ni buji, yule anasema ni mafuta machafu. Kiki inaendelea, kisha pikipiki inasukumwa kwenye mteremko. Hapo ndipo kosa dogo linageuka hasara kubwa.

Mara nyingi tatizo ni kile mafundi wanachokiita kalaji. Katika moteri hizi, mti wa chini unaozungushwa na pistoni hupiga mizunguko miwili wakati mti wa juu unaofungua supapu unapiga mmoja. Shene ndiyo inayoshika hesabu hiyo. Ikikosewa jino moja, supapu zinafunguka mapema au zinachelewa, na nguvu inapotea. Yakikosewa meno mengi, katika moteri nyingi pistoni inaweza kugonga supapu na kuipinda. Sasa zinatakiwa piesi mpya, na tangu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu vilipochukuliwa na M23, kupata piesi kumekuwa kugumu zaidi.

Wapo wanaosema raia asiguse moteri, awaachie mafundi wenye garaji. Maneno hayo hayafai hapa. Aliyekwama porini hana garaji, na mkimbizi ambaye mali yake yote ni pikipiki moja hana pesa ya kumlipa fundi kila mara. Watu wataendelea kufungua. Basi wafunge kwa hesabu.

Kabla ya kutoa shene, alama ya T kwenye gurudumu la manyeto ielekezwe kwenye alama yake, kisha shene na pinyo ya juu zipakwe rangi mahali zinapokutana. Rangi ya kucha inatosha. Kama kosa limeshafanyika, kiki isimame kwanza. Buji itolewe, T irudishwe mahali pake, na alama ya pinyo ya juu itazamwe. Ikiwa haiko sawa, kifaa kinachokaza shene kilegezwe, pinyo itolewe na kupangwa upya. Moteri nyingine hazina shene hiyo, zina pinyo zinazoumana. Alama zake lazima zikutane jino kwa jino.

Halafu, buji ikiwa bado nje, moteri izungushwe polepole kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande ule inaozungukia ikiwaka. Kitu kikigonga au kikikataa, isilazimishwe, irudiwe. Zoezi hili halidai faranga hata moja, lakini ndilo linalorukwa zaidi.

Na wateja wana sehemu yao katika kosa. Fundi anayepigiwa kelele kwamba abiria wanangoja ataruka hatua, na kesho motari na fundi watagombana nani alipe supapu. Ni afadhali nusu saa ya kungoja kuliko wiki nzima bila kazi na deni juu.

Mafundi wazee wa Shabunda nao wasifiche ujuzi huu wakiogopa kupoteza wateja. Vijana waliokimbia vijiji vyao wako mjini bila kazi. Kijana aliyefundishwa kusoma alama mbili atapata chakula cha siku, na mgonjwa anayebebwa usiku kutoka kijijini atafika hospitalini. Ujuzi ukibaki kwa mtu mmoja, siku akikimbia, unakimbia naye.